Beberu na majike wote hawana pembe, sasa vinazaliwa vitoto huntha

SWALI: Hujambo daktari. Nafuga mbuzi wa maziwa aina ya Toggenburg hapa Butere. Nilichagua majike wasio na pembe ili wasiumizane bandani, kisha nikanunua beberu ambaye pia hana pembe. Msimu huu nimepata vitoto viwili ambavyo si jike kamili wala si dume. Jirani anasema ni kwa sababu kila kimoja kilizaliwa pacha na dume. Ni kweli? Beberu nimuuze?

JIBU: Sijambo, mama. Anachosema jirani ni kweli kwa ng'ombe: ndama jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa zaidi ya mara 9 kwa 10, kwa kuwa damu zao huchanganyikana tumboni. Kwa mbuzi hilo hutokea kwa nadra sana. Mimi nashuku pembe.

Kila mbuzi hurithi nakala mbili za jeni ya pembe, moja kwa baba, moja kwa mama. Jeni ya kukosa pembe ndiyo inayotawala, kwa hiyo nakala moja inatosha mbuzi asiote pembe. Lakini jeni hiyohiyo huvuruga uumbaji wa via vya uzazi vya kike, na madhara hayo hujificha mpaka jike arithi nakala mbili. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mambo yote mawili yana chanzo kimoja, kipande cha DNA kilichokatika. Ndiyo maana huwezi kuchukua moja ukaacha lingine.

Majike wako wanaozaa wana nakala moja moja. Wangekuwa na mbili wasingeshika mimba. Kuhusu beberu, angalia watoto wake. Akiwa amezaa hata mmoja mwenye pembe, ana nakala moja, na kwa wastani robo ya vitoto ambavyo vingekuwa majike vitatoka huntha. Kama hajawahi kuzaa mwenye pembe, huenda anazo mbili, na hapo ni nusu yao. Hiyo ni hasara kubwa kwa mtu anayefugia maziwa.

Si lazima umuuze kwa haraka. Akipanda majike wenye pembe hazai huntha hata mmoja, kwa hiyo ukipata mfugaji mwenye majike kama hao, badilishaneni mabeberu. Wewe tafuta beberu mwenye pembe. Kubadilishana huko kutakusaidia pia asiwapande binti zake mwenyewe, maana wa damu moja wakipandana, kasoro nyingine zilizojificha hujitokeza.

Unaponunua, usidanganywe na kichwa laini. Beberu aliyeunguzwa vichipukizi vya pembe akiwa mdogo bado ni mwenye pembe kwa urithi, naye anakufaa kabisa. Mpapase utosini: aliyeunguzwa huwa na kovu, pengine na kijipembe kilichopinda. Kwa kitoto cha siku chache angalia manyoya: wa kuota pembe huwa na misokoto miwili, mmoja juu ya kila kichipukizi, asiyeota huwa na mmoja katikati, au manyoya yamelala tu.

Hata hivyo, naomba pembe zisiwe ndizo zinazokuchagulia mbuzi. Maziwa yanatokana na jeni nyingi pamoja na malisho, kwa hiyo ulizia rekodi ya mamake beberu, na dada zake kama wapo. Kisha nenda umwone huyo mama akikamuliwa: kiwele kimeshikana vizuri na tumbo, au kinaning'inia hadi magotini? Binti wa beberu huyo wanaweza kukirithi.

Hivyo vitoto viwili havitazaa wala kukamuliwa. Chunguza chini ya uke: mara nyingi utaona kinundu kama punje ya njegere, na wakikua huanza kunuka beberu na kupanda wenzao. Watenge, wanenepeshe, wachinjwe. Nyama yao haina tatizo lolote.