Kabla hujaandika miaka nuru 27,000

Ripoti yangu ya kwanza kuhusu picha za redio za kitovu cha galaksi yetu niliipeleka kwa mwalimu wangu nikiwa na furaha tele. Alipitia jedwali polepole, akasimamisha kidole kwenye mstari wa Mouse. “Sasa kijana, huyu umejuaje kwamba yuko kitovuni?” Nikamwambia yumo kwenye picha moja na Sagittarius A*, shimo jeusi kubwa lililo kitovuni. Akasema, “Picha haina kina,” akanirudishia karatasi.

Mouse ni mkia mrefu wa mawimbi ya redio unaoachwa nyuma na pulsa inayokimbia, yaani kiini cha nyota iliyolipuka kinachozunguka na kutoa mapigo ya redio. Niliuweka umbali wa miaka nuru 27,000, ambao ndio umbali wa Sagittarius A*. Kumbe uko kama miaka nuru 16,000 tu kutoka kwetu. Kwa kosa hilo moja, urefu wa mkia kwenye jedwali langu ulizidi kwa zaidi ya nusu, na nguvu ya mng’ao ikazidi karibu mara 3, maana nguvu hukokotolewa kwa umbali uliozidishwa kwa umbali. Kila hoja niliyojenga juu ya namba hizo ikaanguka.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi sasa wanaanza kama nilivyoanza. Picha ya darubini ya redio ya MeerKAT iliyotolewa 2022, kazi ya sahani 64 za Karoo, Afrika Kusini, mtu yeyote anaweza kuipakua. Ukiifungua unaona karibu nyuzi 1,000 nyembamba za mng’ao wa redio, mabaki ya supanova (nyota zilizolipuka), mawingu ya gesi moto, vyote vimelaliana. Macho yanakudanganya kwamba ni mtaa mmoja. Lakini mstari wetu wa kutazama unapita katikati ya mikono kadhaa ya galaksi kabla ya kufika huko, kisha unaendelea upande wa pili.

Usikimbilie kasi ya gesi ili ikupe umbali. Sehemu nyingine za galaksi njia hiyo inafaa, lakini kuelekea kitovuni gesi inayozunguka inakatiza mbele yetu, kama basi linalopita mbele yako ukiwa umesimama kando ya barabara: halikujii wala halikuachi. Iwe karibu au mbali, kasi yake kwetu inasomeka karibu sifuri.

Kinachosaidia ni vivuli. Haidrojeni baridi humeza mawimbi ya sentimita 21, kwa hiyo kila wingu lililo kati yetu na chanzo huacha shimo kwenye spektra, yaani mchoro unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila kasi ya gesi. Sasa, ile gesi isiyofuata mzunguko wa kawaida ndiyo yenye faida hapa. Kuna mkono wa galaksi unaoitwa wa kiloparseki 3 (kama miaka nuru 10,000), uliotambuliwa miaka ya 1950, uko upande wetu wa kitovu na unatujia kwa kilomita 53 hivi kwa sekunde. Chanzo kikiwa na shimo kwenye −53 (alama ya kutoa ina maana gesi inatujia), basi kiko nyuma ya mkono huo. Spektra ya Mouse haina shimo hilo. Nilipoichora mwenyewe usiku ule, mstari ulipita −53 ukiwa umenyooka kabisa, nami nilikuwa nimeshaandika kurasa 4 juu ya “jirani wa shimo jeusi”.

Mkono pacha, ulioripotiwa 2008, uko upande wa pili wa kitovu, na unatukimbia kwa takriban kilomita 56 kwa sekunde. Ungetarajia kwamba shimo kwenye +56 linathibitisha chanzo kiko nyuma ya kitovu. Hapo nenda taratibu. Karibu kabisa na Sagittarius A, eneo zima linaloizunguka Sagittarius A*, kuna wingu zito lenye kasi ya +50 hivi, na ukiwa na spektra yenye kelele hutaweza kuyatofautisha. Na shimo kukosekana si ushahidi kamili: wingu huweza kuwa na tundu pale pale, au chanzo kikawa hafifu mno. Ndiyo maana siku zote nachukua pia spektra ya anga iliyo kando ya chanzo, kuona kama gesi ipo pale au haipo.

Kivuli ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata haidrojeni baridi. Gesi moto huzuia mawimbi marefu ya redio lakini huruhusu mafupi. Kwenye sentimita 6, Sagittarius A West, gesi moto iliyo kwenye eneo hilo, inang’aa. Itazame kwenye sentimita 90: inageuka doa jeusi juu ya mwanga wa Sagittarius A East, mabaki ya supanova yaliyo hapo hapo. Kwa hiyo West iko mbele. Hukuhitaji kupima kasi yoyote. Umebadilisha urefu wa wimbi tu.

Kuna kipimo kimoja nilichokiamini kupita kiasi: ukungu wa picha. Elektroni zilizoko njiani hutawanya mawimbi, na Sagittarius A* huonekana pana zaidi kadiri wimbi linavyorefuka. Kwa miaka mingi wengi walidhani elektroni hizo ziko jirani na kitovu, hivyo chanzo chenye ukungu mwingi kikahesabiwa kuwa cha huko. Mwaka 2013 ikagunduliwa magneta, aina ya pulsa yenye usumaku mkali mno, karibu kabisa na Sagittarius A*, na mapigo yake yakawezesha kupima mahali pa pazia hilo la elektroni. Likaonekana liko mbali na kitovu, kwenye mkono wa galaksi ulio upande wetu. Kwa hiyo ukungu unakuambia chanzo kiko nyuma ya pazia, basi.

Siku hizi jedwali langu lina safu mbili za umbali: “si karibu kuliko” na “si mbali kuliko”. Safu ya pili mara nyingi hubaki tupu. Naiacha tupu, na ukubwa kwa miaka nuru siandiki mpaka ijae. Naandika pembe tu, yaani upana wa kitu kinavyoonekana angani, kama picha inavyonipa.