Vitesi ya Pili Inaruka: Nichomelee Meno?

Fundi wa bwate, yaani giaboksi ya pikipiki, anajibu barua za wasomaji kutoka karakana yake ya Birere, Goma.

*Papa Fundi, jambo sana. Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa Ndosho, nafanya barabara ya Sake na mara nyingi napanda hadi Mushaki. Nina pikipiki ya Boxer niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tangu mwezi uliopita, nikiwa kwenye mpando na abiria wawili, vitesi (gia) ya pili inaruka yenyewe. Moteri inalia, magurudumu hayavutwi, abiria wanapiga kelele. Sasa naizuia pedali kwa mguu mpaka tufike juu. Fundi mmoja amefungua bwate, akanionyesha meno yaliyolika. Anasema atayachomelea na kuyasaga yarudi kama mapya, kwa bei ndogo kuliko ya pinyo mpya, lile gurudumu la meno. Nimkubalie?*
*Motari wa Ndosho*

Usimkubalie, mwanangu. Na huo mguu uondoe kwenye pedali leo hii, nitakuambia kwa nini.

Mwaka 2002, miezi michache baada ya Nyiragongo kumwaga lava katikati ya mji wetu, nilikuwa kijana mwenye kiburi na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Mteja aliniletea pinyo ya vitesi ya tatu, imevunjika jino moja. Nikalijenga kwa moto, nikalichonga na tupa jioni nzima, likapendeza hata nikawaita majirani waje kulitazama. Lilikaa siku 11. Lilipong'oka lilidondoka ndani, likabanwa katikati ya pinyo mbili zinazozunguka, karteri, ganda la nje la moteri, ikapasuka. Karteri ile niliilipa mimi.

Kosa langu lilikuwa nini? Pinyo ya bwate haina ugumu mmoja ndani na nje. Ni kama muhogo wa kuchoma. Kiwandani huitengeneza kwa chuma chenye kaboni kidogo, kisha huipasha hadi nyuzi 900 na zaidi ndani ya hewa yenye kaboni, ili kaboni iingie kwenye ngozi, halafu huizamisha katika mafuta. Ngozi inakuwa ngumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake bila kuuma. Ndani chuma kinabaki laini kidogo ili kivumilie mapigo. Ngozi yenyewe ni nyembamba, karibu nusu milimita hadi milimita moja. Ukileta moto wa kuchomelea hapo, unaharibu kote kuwili. Sehemu ya pembeni iliyopata joto inalegea, na pale ulipochomelea, kaboni ya ngozi inafanya chuma kipasuke nyufa ambazo jicho halizioni. Kazi inang'aa, jino limeshakufa.

Sasa nikuulize nawe: alikuonyesha meno gani? Maana katika bwate ya pikipiki, pinyo za vitesi zote zimeumana muda wote, hata ukiwa kwenye pwamoo, yaani bila vitesi yoyote. Unapobadilisha vitesi, kinachotembea ni pinyo inayoteleza kwenye shafti, ikisukumwa na furshete, ule uma wa chuma, mpaka vile vidole vyake vya ubavuni, tunaviita krabo, viingie kwenye mashimo ya pinyo jirani. Meno ya mzunguko yakilika utasikia mlio. Vitesi inayoruka chini ya mzigo, mara nyingi ni krabo. Kona zake zimekuwa za mviringo, na kila ukivuta gesi zinasukumana nje badala ya kushikana.

Kuna namna ya kuhakikisha kabla ya kumlipa mtu kufungua tena. Ikiruka unapopanda, gesi iko wazi, ni uso wa krabo unaosukuma. Ikiruka unapoteremka kutoka Mushaki, gesi imefungwa na moteri inakushikilia, ni uso wa upande wa pili. Ikiruka pande zote, nashuku furshete iliyopinda, au ile springi na roli inayoshikilia pipa la vitesi, lile linalosogeza furshete, lisizunguke ovyo. Springi ile ni kitu cha pesa kidogo, na nimeona watu wakinunua bwate nzima kwa sababu yake.

Ndiyo maana nimesema toa mguu. Ukisukuma pedali muda wote, furshete inasuguana na mfereji wa pinyo bila kupumzika. Inapata joto, ncha zake zinageuka bluu, zinakonda. Ulianza na ugonjwa mmoja, sasa unalea miwili. Ncha zikiwa bluu, nunua furshete nyingine. Usikubali kunyooshewa iliyopinda. Itarudi kupinda.

Krabo zinaweza kutengenezwa bila moto wa kuchomelea? Ndiyo, lakini kwa mkono mtulivu. Turneri mzuri, fundi wa mashine ya kuchonga chuma, anasaga nyuso za krabo ziegemee ndani kidogo, nyuzi 3 hivi, ili mzigo ukija uzivute kuingia badala ya kuzitoa. Pinyo zote mbili zinasagwa, siyo moja. Anasaga kwa jiwe, polepole, akimwagia maji. Rangi ya majani makavu ikitokea kwenye chuma, joto limeshaanza kuzidi. Ikiwa bluu, ngozi imelegea, itupe pinyo hiyo. Na asiondoe zaidi ya robo milimita hivi, maana chini ya hapo unaelekea kwenye muhogo laini. Akimaliza, paka krabo masizi ya taa, ziunganishe, kisha utazame. Zote zinapaswa kugusa kwa pamoja. Ikigusa moja tu, hiyo moja itabeba mzigo wa wenzake na kuvunjika. Kama kona zimeliwa sana hata huoni tena uso ulionyooka, acha hesabu za turneri, nunua pinyo mbili, ile na jirani yake. Mpya ikiumana na iliyolika, iliyolika inaifundisha tabia mbaya.

Wakati wa kurudishia, sekilipu, zile pete zinazozuia pinyo zisihame kwenye shafti, ziwe mpya, na ukingo wake mkali utazame mbali na pinyo inayoisukuma. Fundi wako akikuambia pande zote ni sawa, chukua vipuri vyako uondoke.

*Papa Fundi, mimi ni mama wa Katindo, nina pikipiki moja ninayomkabidhi kijana, jioni ananiletea pesa. Anasema mafuta ya moteri hayahitaji kubadilishwa, ni kuongeza tu. Pia ananunua mafuta yoyote yaliyopo. Ni kweli?*

Mama yangu, anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa. Katika pikipiki hizi mafuta hayohayo yanalainisha moteri, pinyo za bwate na ambrayaji (klachi). Pinyo ndizo zinazoyasaga na kuyafanya mepesi. Ukiongeza mapya juu ya machafu, ule unga wa chuma unabaki unazunguka humo humo. Mafuta ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano yanafanya ambrayaji iteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya mafuta ya pikipiki za namna hii. Siku ya kumwaga, mwambie kijana amwage mbele yako, kwenye beseni jeupe, kisha upitishe sumaku. Tope laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Ukiona kipande unachoweza kukishika kwa kucha, pikipiki isitoke uani siku hiyo.

*Papa Fundi, mimi ni kijana mhunzi, nachonga vipande kutoka ekseli za magari. Naweza kukifanya kipande kiwe na ngozi ngumu kama ya kiwandani, kwa makaa tu?*

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kijana. Ndiyo, wahunzi wamelifanya tangu zamani. Lakini kwanza, ekseli ya gari mara nyingi ina kaboni ya kutosha tayari. Ukiipasha na kuizamisha kwenye mafuta inakuwa ngumu yote, haihitaji ngozi. Kwa chuma laini, saga makaa ya mti mgumu, zika kipande ndani ya kopo la chuma, ziba kwa udongo, upashe hadi rangi ya chungwa iliyoiva kwa saa kadhaa, halafu zamisha kwenye mafuta. Fanyia nje, maana moshi wa makaa usioonekana unaua, na mafuta hayo hushika moto. Kikitoka hivyo ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Kichemshe saa moja katika mafuta yenye joto kama ya kukaangia sambaza, ugumu unabaki, hasira inapungua.

Usitengeneze pinyo za bwate hivyo. Joto linapinda kipande, na pinyo iliyopinda kidogo tu inalia na kujila. Kiwandani wana mashine ya kusaga baada ya kuzamisha, wewe huna. Anza na kijino cha kiki ya kuwashia. Kikishindwa, hakiui mtu. Ukimaliza kimoja, niletee nikipitishie tupa.