Hisa za kampuni ndogo DSE: kuingia siku moja, kutoka miezi

Mwaka 2021 nilinunua hisa 4,000 za kampuni ndogo iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kila moja shilingi 500. Milioni mbili kamili, akiba ya duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Mbagala Rangi Tatu. Jina la kampuni naliacha. Oda yangu ilijaa siku ileile, kabla sijafunga duka, nikajiona nina bahati. Sikujiuliza kwa nini wauzaji walikuwa wamejipanga wote wananisubiri mimi.

Jibu nililipata mwaka uliofuata, mwenye fremu alipotaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikampigia dalali wangu wa hisa: uza zote, bei ileile ya kwenye ubao. Ubao ulikuwa bado unasoma 500. Wiki ikapita, kimya. Nikapiga tena.

"Kaka, oda yako ipo sokoni. Mnunuzi ndiyo hakuna."

"Hakuna wa 500?"

"Hakuna wa bei yoyote, kaka."

Hapo ndipo nilipoelewa ile namba ya kwenye ubao ni kitu gani. Ni bei waliyokubaliana watu wawili mara ya mwisho walipouziana, na hiyo mara ya mwisho inaweza kuwa mwezi uliopita, tena kwa hisa 40 tu. Mwenye kiwanja Chanika atakwambia kiwanja chake ni cha milioni 15 kwa sababu jirani aliuza hivyo mwaka juzi. Mwulize lini mara ya mwisho alipata mteja.

Nikashuka hadi 460, zikaenda 150. Nikashuka hadi 400, zikaenda 1,100, kidogokidogo, kwa miezi mitatu. Jumla shilingi 509,000 kabla ya tozo, na tozo zenyewe hukaribia asilimia 2 ukinunua na asilimia 2 nyingine ukiuza. Kodi ya fremu nililipa kwa mkopo wa kikoba. Mke wangu hakusema neno, na ningependa angesema.

Sasa nikiitazama kampuni ndogo, sianzi na faida yake, naanza na mlango wa kutokea. Ripoti za kila siku za DSE zinapatikana bure mtandaoni. Najumlisha hisa zake zilizouzwa miezi mitatu iliyopita, kisha nachukua moja ya tano. Zikiuzwa 6,000, basi mimi sivuki 1,200, kwa sababu nikitaka kutoka sitakuwa muuzaji peke yangu. Kipimo hiki hakipo kwenye kitabu chochote, nimekitunga mwenyewe baada ya kuumia. Na kwa dalali nataja bei yangu, siku zote. Kwenye hisa isiyo na watu, ukimwambia "uza kwa bei yoyote itakayopatikana", itapatikana kweli, na hutaipenda.

Kitu cha pili ni kujua umeingia upande gani wa soko. Tangu 2013 DSE ina Soko la Kukuza Ujasiriamali, ambalo wengi tunaliita EGM, lililowekwa makusudi kwa kampuni changa zisizofikia masharti ya soko kuu. Masharti yake ni mepesi: hata kampuni ambayo haijawahi kutoa faida inaweza kuingia, mradi ina mshauri aliyeidhinishwa wa kuisimamia. Sioni ubaya, kampuni changa nazo zinahitaji mtaji. Ubaya ni mimi kudhani kwamba kwa kuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana imeidhinisha waraka wa matarajio, yaani kitabu ambacho kampuni inajieleza inapouza hisa zake, basi imenihakikishia kampuni itafanikiwa. Inachoangalia ni kwamba umeelezwa yanayotakiwa kuelezwa. Kusoma ni kazi yako, na mimi sikusoma.

Siku hizi naanzia ukurasa wa mkaguzi wa hesabu. Akiandika kwamba kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, nafunga faili hapohapo, hata kama picha za wakurugenzi zinameremeta. Hesabu zikichelewa kutoka, nako najua jikoni kuna kitu kinaungua.

Benki ndogo na taasisi za mikopo zina mambo yao zaidi, na ndizo nyingi upande ule wa EGM. Angalia mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa, kwenye hesabu za robo mwaka wanazotangaza magazetini. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Angalia mtaji pia. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo 5 kwa mkupuo kwa sababu mtaji wao haukutosha. Mwenye amana ana Bodi ya Bima ya Amana ya kumfidia hadi kiwango fulani. Mwenye hisa hana bodi. Anasimama mwisho wa foleni, baada ya wadai wote, na mara nyingi foleni haimfikii. Na hata benki isipofungwa, ikikosa mtaji itakuja kwako na hisa stahiki, yaani hisa mpya wanazouziwa kwanza wenye hisa: ama utoe hela nyingine, ama sehemu yako ipungue.

Mambo ya makundi ya WhatsApp sina mengi ya kusema. Anayekuhimiza ununue hisa isiyo na wanunuzi, kwanza mwulize kama yeye anauza.

Bado nina hisa za kampuni ndogo mbili, kwa hela ambayo fremu haiwezi kuidai. Hela nyingine nimeweka UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako nikitaka changu nalipwa kwa thamani ya kipande siku husika bila kutafuta mnunuzi, na kidogo kwenye hisa za benki kubwa.

Zile 2,750 zilizobaki bado ninazo. Ijumaa nilifungua Hisa Kiganjani, programu ya simu ya DSE, nikiwa dukani nasubiri mteja wa cheni na sproketi. Bei 380. Upande wa wauzaji kuna oda za hisa zaidi ya elfu tisa, yangu ikiwemo. Upande wa wanunuzi kuna mtu mmoja anataka hisa 20.