Kipima Mionzi Kikinyamaza: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Karibu barua zote zilizofika safari hii zinahusu upimaji wa vifaa na bidhaa zinazoshukiwa kuwa na uchafu wa mionzi, na nyingi kati yake zinauliza, kila moja kwa njia yake, kama kimya cha kipima mionzi kinatosha kuruhusu kitu kitoke getini. Maswali nimeyafupisha bila kubadilisha maana yake.

Swali (fundi wa maabara ya utafiti, Mbarara): Kila Ijumaa tunapitisha kaunta ya Geiger juu ya meza, sinki na jokofu. Haijawahi kulia. Mkuu wangu ameandika katika daftari kwamba maabara ni safi. Je, ameandika sawa?

Jibu: Ndugu fundi, siwezi kumkubalia mkuu wako wala kumkatalia kabla ya kujua mnatumia dutu gani ya mionzi, kwa sababu kaunta ya Geiger haioni kila kitu. Beta, yaani elektroni inayorushwa na tritiamu (haidrojeni yenye mionzi), ina nguvu ndogo mno, isiyozidi kiloelektronivolti 18.6, kiasi kwamba haiwezi kupenya hata kile kiwambo chembamba cha ulanga kilicho mbele ya kichwa cha kupimia. Meza ikimwagikiwa tritiamu yote mliyo nayo, kaunta hiyo itaendelea na mapigo yake ya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaboni-14 huonekana, lakini kwa shida na kwa karibu sana. Iodini-125 huonekana vizuri zaidi kwa kipima chenye fuwele nyembamba ya iodaidi ya sodiamu. Chembe za alfa zinasafiri sentimita chache tu hewani, na tone la maji, koti la rangi au karatasi moja inatosha kuzizuia. Ndiyo maana anayetafuta alfa hutumia kichwa maalumu cha salfaidi ya zinki, hukishika nusu sentimita kutoka juu ya kitu, na hukausha kitu hicho kwanza.

Uliza pia mnapima kwa mwendo gani. Mkono unaopita haraka humpa mpimaji namba za mahali alipokwisha kuondoka, na doa dogo halipati nafasi ya kusikika. Sentimita chache kwa sekunde ndiyo kasi inayofaa, ukisikiliza sauti zaidi kuliko kutazama sindano, na ukisimama pale mapigo yanapobadilika hata kidogo.

Tuseme sasa kaunta imelia. Mnajuaje ni kiasi gani? Chukua mfano huu. Mahali penye usafi mnapata mapigo 50 kwa dakika, ambayo ni mionzi ya asili ya ardhi na anga. Juu ya doa mnapata 350. Tofauti ni 300 kwa dakika, yaani 5 kwa sekunde. Ikiwa kipima chenu hukamata moja ya tano ya kinachotokea chini yake, doa lina bekereli 25 (bekereli moja ni mvunjiko mmoja wa atomi kwa sekunde), na ikiwa kichwa chake kina eneo la sentimita mraba 15, mnapata takriban bekereli 1.7 kwa sentimita mraba. Namba hiyo ndiyo inayoweza kulinganishwa na kanuni. Katika kanuni za kimataifa za usafirishaji, kwa mfano, uchafu unaobanduka juu ya kifurushi haupaswi kuzidi bekereli 4 kwa sentimita mraba kwa dutu za beta na gama (gama ni mionzi inayopenya zaidi), na 0.4 kwa dutu nyingi za alfa. Mapigo kwa dakika peke yake hayalinganishwi na chochote, kwa kuwa kila kipima kina uwezo wake, na uwezo huo hujulikana tu kama kimehakikiwa kwa chanzo chenye kiasi kinachofahamika, angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha kuna upanguso, ambao kwa maabara yenu ninauona kuwa wa lazima. Karatasi ya chujio hupanguswa juu ya eneo la sentimita mraba 100, kwa mkandamizo wa wastani, halafu karatasi hiyo hupimwa mbali na meza. Kwa tritiamu huzamishwa katika kimiminika kinachotoa mwanga na kusomwa kwa mashine yake. Njia hii hukuonyesha uchafu unaobanduka, ule unaohama kutoka mezani hadi kidoleni, na kutoka kidoleni hadi mdomoni, ambao ndio wa kuhofiwa zaidi. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba karatasi imebeba sehemu moja ya kumi tu ya uchafu huo, kwa hiyo bekereli 5 kwenye karatasi zinahesabiwa kuwa 50 mezani. Mkuu wako na aandike aina ya kipima, tarehe kilipohakikiwa, mapigo ya asili ya siku hiyo, mahali palipopimwa na namba zilizopatikana. Neno «safi» bila hayo halimsaidii atakayekuja baada yake.

Swali (mnunuzi wa vyuma chakavu, Katwe, Kampala): Tunaletewa vyuma vya kila namna, hata mashine za hospitali. Nitajuaje kwamba chuma kimeingiwa na mionzi? Nimesikia kwamba mashine za eksirei ni hatari hata zikiwa zimekufa.

Jibu: Bwana mnunuzi, mashine ya eksirei isiyo na umeme haitoi mionzi, na kitu kilichopigwa eksirei hakibaki na mionzi ndani yake. Hatari yako iko kwa vifaa vilivyobeba dutu ya mionzi yenyewe: mashine za zamani za kutibu saratani, vipima vya viwandani, kamera za kukagua maungio ya mabomba. Katika hivyo, dutu hufungwa ndani ya kapsuli ndogo ya chuma, na kapsuli huwekwa ndani ya ganda zito la madini ya risasi. Uzito huo ndio humvutia mnunuzi, na ndio huwafanya watu wachukue tindo na moto wa gesi.

Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walichukua kichwa cha mashine kutoka jengo la tiba lililoachwa, wakakifungua na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma kama wewe. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu-137 uliong'aa rangi ya buluu gizani. Uligawiwa kwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu, na wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Miaka michache kabla ya hapo, mashine ya kobalti-60 iliishia kwenye uwanja wa vyuma chakavu huko Ciudad Juárez, Mexico, vipande vyake vidogo vikayeyushwa pamoja na chuma na kuwa nondo na miguu ya meza. Jambo hilo lilijulikana Januari 1984 kwa sababu tu lori lililobeba nondo hizo lilipita karibu na kipima cha maabara ya Los Alamos, Marekani. Nikifikiri juu ya chuma chakavu kinachotoka Kampala kwenda kwenye tanuri za Jinja, naona wazi kwamba mahali pa kukamata kosa ni uwanjani kwako, kabla ya tanuri.

Kama una uwezo, nunua kipima cha gama na upime lori linapoingia, halafu upime tena wakati wa kushusha, kwa kuwa chuma kilicho juu huzuia mionzi ya kilicho chini na lori lote linaweza kuonekana halina kitu. Kiwashe ukiwa mbali, usogee polepole. Jihadhari na jambo ambalo wauzaji wa vipima hawalisemi mara nyingi: baadhi ya kaunta za Geiger, zikikutana na mionzi mikali kupita uwezo wake, hushuka na kusoma karibu na sifuri. Ukiona namba inapanda kwa kasi kisha inaanguka ghafla, rudi nyuma. Ukikuta chombo kizito chenye alama ya mabawa matatu yanayozunguka duara, usikikate, usikigeuze, usimruhusu kijana yeyote kukikalia. Weka watu mbali na uarifu Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda, ambalo kwa sheria ya mwaka 2008 ndilo lenye mamlaka ya kusimamia vyanzo vya mionzi nchini. Na baada ya chombo kuondolewa, uwanja wenyewe upimwe: udongo, mizani, glavu, viatu, na gari lililokileta.

Swali (mwalimu wa sayansi, Kasese): Wanafunzi wangu wanauliza kama kobalti ya mgodi wa Kilembe ndiyo ile inayotumika kutibu saratani, na kama mabaki ya mgodi yana mionzi yake.

Jibu: Mwalimu, kobalti inayotoka ardhini ni kobalti-59, ambayo ni tulivu kabisa na haitoi mionzi. Kobalti-60 hutengenezwa na binadamu, kwa kuiweka kobalti-59 ndani ya kinu cha nyuklia ili imeze nyutroni, na nusu ya kiasi chake huisha kila baada ya miaka 5.27. Mabaki ya mgodi yana madhara mengine ya tindikali na metali nzito kwa maji ya mito, na hayo yanastahili kufuatiliwa kwa vipimo vyake, lakini si kwa kaunta ya Geiger.

Swali (msimamizi wa ujenzi wa barabara, Hoima): Tuna kifaa cha kupima msongamano na unyevu wa udongo chenye chanzo cha mionzi. Kipima kikisogezwa karibu nacho kinalia. Je, kimechafuka? Na kikikanyagwa na mashine tufanye nini?

Jibu: Kulia huko ni kwa kawaida, na hakumaanishi uchafu. Vifaa vya namna hiyo mara nyingi vina seziamu-137 kwenye ncha ya fimbo na amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili kwa ajili ya unyevu, na baadhi ya mionzi lazima ipite nje ya ganda. Uchafu ni pale dutu inapovuja kutoka kwenye kapsuli na kukaa mahali isipotakiwa, na kwa kuwa mionzi ya chanzo chenyewe hufunika kila kitu, kupima moja kwa moja hakuwezi kuonyesha uvujaji. Hapa pia unahitaji upanguso: hupanguswa sehemu za nje zilizo karibu na chanzo, wala kapsuli yenyewe haiguswi, na karatasi hupelekwa kusomwa mbali. Kikomo kinachotumiwa sana ni bekereli 200; zaidi ya hapo chanzo huhesabiwa kuwa kinavuja na huondolewa kazini. Kumbuka pia kwamba kipima cha kawaida cha gama hakioni nyutroni zinazotoka kwenye mchanganyiko wa amerisiamu na berili, hivyo namba ndogo haimaanishi kwamba hakuna kinachotoka.

Kikikanyagwa, dereva asimamishe mashine hapo hapo na asiiondoe, maana magurudumu yake yanaweza kusambaza dutu barabara nzima. Watu wakae mita kadhaa mbali, na mtaalamu apime kwanza kama fimbo na chanzo viko mahali pake, kisha apime magurudumu, viatu vya waliokaribia na udongo. Mashine huondoka baada ya hapo.

Kwa wenzako wa kamera za iridiamu-192 wanaokagua maungio ya mabomba: baadhi ya kamera hizo zina kinga ya uraniamu iliyofifishwa, ambayo yenyewe hutoa mionzi kidogo, kwa hiyo hata kamera isiyo na chanzo itasoma kidogo, na isiuzwe kama chuma cha kawaida.

Swali (muuguzi, Kampala): Shati langu la nailoni lilileta mapigo mengi siku ya mvua, ingawa sikuwa nimegusa dawa yoyote ya mionzi. Nililazimishwa kulitupa.

Jibu: Dada, inaelekea hizo zilikuwa chembe za mionzi zinazozaliwa na radoni, gesi inayotoka ardhini kila mahali; chembe hizo huoshwa na mvua kutoka hewani na hushika kwa urahisi nguo zenye umeme tuli kama nailoni. Mionzi yake hupungua kwa nusu ndani ya takriban nusu saa. Nguo ya namna hiyo hufungwa ndani ya mfuko na kupimwa tena baada ya saa nne, na ikibidi kesho yake. Teknetiamu-99m, dawa ya mionzi ya hospitali, ambayo nusu yake huisha kwa saa 6, ingeshuka kwa mwendo tofauti. Shati lisingetupwa kabla ya kipimo cha pili.

Swali (kijana anayeajiriwa kwenye mafuta, Buliisa): Tunaambiwa mabomba ya visimani yanaweza kuwa na mionzi. Tumepima nje ya bomba na hakuna kitu. Tunaweza kuyauza?

Jibu: Msiyauze bado. Maji yanayopanda pamoja na mafuta hubeba radiamu kutoka kwenye mwamba, na maji hayo yakipoa na kupoteza shinikizo, radiamu huganda pamoja na bariamu na kuwa ukoko mgumu ndani ya bomba. Visima vipya huwa na maji machache, lakini kadiri vinavyozeeka maji huongezeka, kwa hiyo bomba lililopimwa mwaka wa kwanza lipimwe tena kila linapotolewa. Ukoko mnene wa radiamu-226, ambayo nusu yake huchukua miaka 1,600, huonekana kwa kipima cha gama kutoka nje. Lakini katika mabomba ya gesi huweza kukaa utando mwembamba wa risasi-210, ambao gama yake ni dhaifu mno kupenya chuma. Nje kipima kitanyamaza, ndani kuna uchafu.

Kwa hiyo pimeni midomo ya bomba kwa ndani, baada ya kukauka, kwa kichwa cha beta, na mchukue ukoko kidogo upelekwe maabara. Kwa dutu za asili za uraniamu na thoriamu, kiwango cha kimataifa cha kuanzia usimamizi ni bekereli 1 kwa gramu. Msiugonge ukoko ukiwa mkavu, wala msiukwangue bila barakoa, kwa kuwa vumbi lake likiingia mapafuni linaleta alfa ambayo nje ya mwili isingewadhuru. Mpaka majibu yarudi, midomo ya mabomba izibwe kwa plastiki, kila bomba liandikwe namba na tarehe, na yawekwe peke yake mahali palipozungushiwa uzio.