Swali la lugha: Je, gyoza ni maandazi?

*Shikamoo mwalimu. Natafsiri kijitabu cha wageni kuhusu mji wa Utsunomiya, Japani. Chakula chao kiitwacho gyoza nimekiita maandazi: "Huu ni mgahawa mzee wa Kijapani unaouza maandazi yaliyotengenezwa kwa mkono." Mwenzangu anasema niseme sambusa. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Hakuna aliye sahihi, ila mwenzako amekaribia zaidi.

Nadhani kamusi ndiyo iliyokuponza. Kamusi za lugha mbili hukimbilia neno andazi kila zikikuta donge la unga lililopikwa. Lakini taja andazi mbele ya mtu wa Tanga au Kisumu, naye ameshaona unga ulioumuka kwa hamira, ukatumbukizwa kwenye mafuta, wa kunywea chai ya asubuhi. Gyoza haina hamira wala sukari. Ni duara jembamba la unga wa ngano lililofungiwa nyama ya kusaga, kabichi, tangawizi na kitunguu saumu.

Ndiyo maana mwenzako akakumbuka sambusa: manda nje, nyama ndani. Tatizo ni kwamba nyama ya gyoza kwa kawaida ni ya nguruwe. Msomaji wa Lamu au Muscat akiona sambusa hataulizia nyama; neno lenyewe limeshamtoa wasiwasi. Katika chakula, mfasiri ana dhamana kubwa, tafadhali usiichukulie kirahisi. Sambusa itumie kufafanua ("hufungwa kama sambusa"), usiifanye jina.

Basi gyoza iitwe gyoza. Wajapani wenyewe walilipokea neno hilo kutoka kwa Wachina, wanaosema jiaozi. Chakula chenyewe kilienea Japani baada ya vita kuisha mwaka 1945, kwa mikono ya Wajapani waliorejea kutoka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Huko Utsunomiya husimuliwa kuwa waliokileta walikuwa askari wa mji huo. Sisi nasi tulipokea chapati na biriani pamoja na majina yake, na hayakutudhuru. Ngeli yake ni I-ZI kama sambusa: gyoza hii imeiva, gyoza hizi zimeiva, sahani ya gyoza sita. Usiandike "magyoza". Sauti ya "gyo" isikutishe, ulimi unaotamka vyombo na fyonza utaiweza.

Mgahawa au mkahawa, yote sawa. La kwanza utalisikia zaidi Tanzania, la pili Kenya. "Mzee" ndilo linaloharibu. Mgahawa mzee ni kama umechoka, bati linavuja. Unachotaka ni umri wenye heshima, na neno lake tunalo: kongwe. Magazeti ya Dar es Salaam huziita Simba na Yanga klabu kongwe, na hakuna shabiki anayekasirika. Mgahawa kama Minmin wa Utsunomiya, ulioanza mwaka 1958, ni mgahawa mkongwe. "Wa siku nyingi" nayo inafaa sana, hasa ukitaka sauti ya mazungumzo. Wajapani wana neno shinise kwa biashara ya namna hii, iliyodumu na kurithiwa.

Sasa "yaliyotengenezwa kwa mkono". Hapa ndipo ninapokusihi zaidi. Kutengeneza ni kitenzi cha kila kitu, na jikoni kinaficha kazi yenyewe. Kiswahili cha jikoni hutaja mkono unafanya nini. Zanzibar kuna mkate wa kusukuma na mkate wa kumimina. Jina tu limeshakueleza kama unga ni mgumu au ni uji. Mtazame mpishi wa gyoza. Anakanda unga, anakata vidonge, anavisukuma kwa kifimbo mpaka ukingo uwe mwembamba kuliko katikati. Anaweka manda kiganjani, nyama kidogo katikati, analowesha ukingo kwa ncha ya kidole, anakunja nusu duara, kisha anabana upande mmoja tu, kunjo juu ya kunjo. Fundi cherehani angekwambia mara moja: hayo ni marinda. Kitenzi chako kipo tayari, kufunga, kilekile cha dada zetu wanaofunga sambusa jioni za Ramadhani.

Ningeandika hivi: *Huu ni mgahawa mkongwe wa Kijapani unaouza gyoza zinazofungwa kwa mkono.* Mara ya kwanza neno linapotokea ongeza sentensi moja ya maelezo, na nguruwe itajwe humo.

Utakutana pia na menyu yenye maneno matatu: yaki, sui na age. Sui ni gyoza za kuchemsha. Age ni za kukaanga kwenye mafuta mengi. Yaki ndiyo ngumu, kwa sababu "kukaanga" peke yake haitoshi: gyoza hupangwa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, chini zikianza kubadilika rangi humwagiwa maji, hufunikwa ziive kwa mvuke, kisha maji huachwa yakauke. Andika "za kukaanga na mvuke". Huletwa mezani zimepinduliwa, ile sehemu ya hudhurungi iliyoshika kikaango ikiwa juu, na sehemu hiyo usiitafutie neno jipya. Ni ukoko, kama wa wali.