Ngazi tatu za duka la Mkunazini

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu baba yetu alituachia duka la nguo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba ya zamani ya mawe, na sisi warithi tumekubaliana kuligeuza mgahawa. Mlango ni wa nakshi, na kuufikia kuna ngazi tatu zenye kimo cha jumla cha sentimita 45. Fundi anataka kumwaga zege la mteremko mbele ya mlango ili wageni wanaotumia viti mwendo waweze kuingia. Je, hilo latosha?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Waalaykumu salaam. Nia ya fundi ni njema, ila hesabu yake haikai sawa. Kipimo kinachotumika sana kwa mteremko wa kiti mwendo ni moja kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kupanda hudai sentimita 12 za urefu. Kwa ngazi zenu hizo ni mita 5.4, kabla hamjaongeza sehemu bapa ya mita moja na nusu, juu na chini, ya kusimamia na kugeuzia kiti. Katika vichochoro vya Mkunazini mteremko wa namna hiyo utaishia barazani kwa jirani, na fundi akiufupisha atakuwa amejenga kitu asichoweza mtu kukipanda peke yake, na ambacho wakati wa kushuka huweza kumpindua.

Liko pia suala la zege lenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji ikigandishwa juu yake huuzuia unyevu huo ndani, chokaa ikaanza kumomonyoka. Kushusha sakafu nako sikushauri, kwani sakafu za nyumba hizi ziliinuliwa kwa sababu, nanyi mnayajua maji ya masika yanavyopita njiani.

Kwa hiyo tazameni kwanza mlango wa ubavuni au wa uani. Mkiwa na ua wenye urefu wa kutosha, jengeni humo mteremko wa mbao au chuma uliojitenga na ukuta, wenye vishikio pande zote mbili, ambao siku moja unaweza kuondolewa bila kuacha jeraha. Mlango huo uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 au zaidi, na uwe ni mlango wa wageni kweli, wenye taa na kibao, usiwe njia ya kupitishia magunia ya mkaa. Mlango wa nakshi msiuguse. Upande wake mmoja ukiwa mwembamba, fungueni pande zote mbili saa zote za kazi.

Chooni ndiko migahawa mingi hukwama. Kiti mwendo huhitaji duara la mita moja na nusu ili kigeuke, mlango ufunguke kwa nje, choo kiwe cha kukaa, na vyuma vya kushikia vifungwe imara ukutani. Nyumba zenu zina vyumba vyembamba, kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana, hivyo choo kichorwe mwanzo, meza zipangwe baadaye.

Michoro hiyo ipelekeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya nyundo ya kwanza. Wapo wenye majengo wanaotumia hadhi ya Urithi wa Dunia, ambayo Mji Mkongwe uliipata mwaka 2000, kama kisingizio cha kutofanya lolote. Kisingizio hicho ni dhaifu: Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 9 inagusa pia majengo ya watu binafsi yanayotoa huduma kwa umma.

SWALI: Nimepanga fremu katika jengo jipya ili nifungue duka la dawa. Mwenye jengo asema mteremko ni juu yangu. Ni kweli?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Someni mkataba wenu kwanza. Ikiwa haujatiwa saini, ombeni iandikwe kwamba mlango wa jengo na varanda inayotumiwa na wapangaji wote ni gharama ya mwenye jengo, nanyi mbebe ya ndani. Huko ndani, sehemu moja ya kaunta ishushwe hadi kiasi cha sentimita 80 kutoka sakafuni, ili mgonjwa aliyekaa amwone anayempa maelezo ya dawa, na njia ya kuifikia isizibwe kwa makatoni.