Kijana anayempiga mama yake: yaliyotusaidia kwetu

Dada, nimesoma kuhusu kijana wako wa miaka 16 anayekupiga, na ndugu wanaokwambia umpeleke polisi au umrudishe kijijini. Pole sana. Wangu alikuwa na 15 aliponibamiza ukutani mara ya kwanza, kisa nimemnyima hela ya vocha.

Nilificha miezi minane. Nilikuwa nampa hela ili nyumba itulie, na kila nikimpa, kesho anadai zaidi. Shemeji akaja na fimbo. Kijana akatulia siku nne, ya tano akampiga mdogo wake wa kike.

Aliyenifungua macho ni afisa ustawi wa jamii. Hakuniuliza nimemlea vipi. Aliuliza inatokea saa ngapi, baada ya nini, nani yupo. Nikaona ni jioni, mara nyingi mkeka wake wa kubeti ukichanika, na hata siku moja si mbele ya mjomba wake. Basi nikawaambia watu watano. Mjomba akamwambia usoni: "Najua ulichomfanya mama yako Jumanne." Siri ilikuwa ndiyo inampa nguvu.

Akianza kufoka sikujibu tena. Binti alishajua kukimbilia kwa mama jirani, mimi natoka barazani. Kesho yake mchana, akishakula, ndipo naongea, mjomba akiwepo: "Sitakupiga, sitakutukana, lakini sitanyamaza." TV aliyoivunja aliilipa kwa kushinda Jumamosi kwa mjomba anakochomelea mageti.

Lililoniuma zaidi: huyu mtoto alikua akiona baba yake akinipiga. Nilimwambia yale yalikuwa makosa, na kwamba nilichelewa kumtoa pale. Alilia sana, nami nikalia.

Akishika kisu, usibishane naye. Toka na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi. Aliye chini ya miaka 18 kesi yake husikilizwa Mahakama ya Watoto, kwa hiyo kumripoti si kumtupa. Simu ya mtoto, 116, ni bure. Na kama halali siku kadhaa au anasikia sauti, hospitali kwanza, usiende kwa waganga.

Kwetu ilichukua karibu mwaka, na katikati alinipiga tena mara mbili. Je, yupo mjomba, shangazi au babu ambaye bado anamsikiliza? Mwambie huyo leo, kabla ya jioni.